Masafa ya Walii

Nyumbani kwetu Bongwe, baba yangu alitajwa kwa saa za ndege. Mgeni akiuliza mwenye nyumba yuko wapi, bibi yangu mzaa baba alijibu, "Mwanangu yuko Ujerumani, mwendo wa saa tisa angani," kisha akanyamaza ili mgeni apate nafasi ya kustaajabu. Wengi walistaajabu kwa adabu. Waliokuwa na watoto wao Ulaya waliuliza ni mji gani, naye akawaambia Frankfurt, jina alilolitamka vizuri kuliko majina ya baadhi ya wajukuu wake.

Bibi mwenyewe hakupanda ndege hata siku moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya mashua hadi kisiwa cha Wasini, alipokwenda harusini kwa jamaa, na alitapika kwenda na kurudi. Basi saa tisa za baba alizipima kwa kipimo alichokuwa nacho. "Saa tisa," alikuwa akisema, "na mwanangu hakutapika." Sijui nani alimwambia habari hiyo. Nadhani aliitunga mwenyewe akaipenda.

Nilikuwa darasa la pili baba alipoondoka. Alikuwa akiwatembeza wageni katika ufuo wa Diani, na mmoja wa wageni hao, mama wa Kijerumani aliyemzidi umri kwa kiasi ambacho nyumbani hatukukizungumza, akamchukua. Baba alimweleza mama yangu kwamba ile ni ndoa ya kutafutia maisha, asihuzunike. Mwaka uliofuata talaka ya mama ikafika kwa ujumbe wa simu. Haikungoja ndege. Mama akarudi kwao Msambweni, akaolewa tena, akapumzika. Mimi nikabaki kwa bibi, kwa sababu mtoto wa mtu aliye Ulaya hatolewi ovyo nyumbani. Yeye ndiye dhamana kwamba baba atarudi.

Hakurudi. Mwanzo zilikuja nguo na viatu, halafu picha, halafu sauti tu kwenye simu ikisema baridi ya huko haina huruma. Bibi akisikia hivyo alijifunika leso na joto lote lile la Januari.

Nilipomaliza shule nikapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko Diani. Kazi yangu kubwa ni kuwangoja wanaofika na kuwasindikiza wanaoondoka, kwa hiyo safari za ndege nilizijua kama mama ntilie anavyoujua moto wake. Ndege ya moja kwa moja kutoka Frankfurt hupaa jioni, hutua Mombasa asubuhi, karibu saa tisa hewani. Anayeunganisha njiani hukaa safarini zaidi ya nusu siku na hufika amevimba miguu. Majira ya baridi saa yao iko nyuma yetu kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Nilipoanza kazi nilikuwa nikiwatazama wageni wa Frankfurt wakishuka garini, nikijiambia: hawa jana walikuwa mjini kwa baba yangu, na leo wako hapa wananiuliza kifunguakinywa ni saa ngapi. Kama wao waliweza, na hawakuwa na mtu hapa, yeye alishindwa nini? Swali hilo nililimeza kila asubuhi pamoja na chai.

Kisha nikaposwa. Mchumba wangu ni fundi umeme wa Msambweni, mtu mpole, na watu wao walikuja kwa heshima zote. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliwapokea. Yakazungumzwa yakaisha, likabaki moja: nani ataniozesha.

Kwetu mwanamke hajiozeshi. Ana walii wake, msimamizi wa kumwozesha, na walii wa kwanza ni baba. Baba mkubwa alidhani kazi hiyo itamwangukia yeye, na alikuwa ameshashonesha kanzu. Sheikh wa msikiti wetu, ambaye pia ana ruhusa ya kadhi kufungisha ndoa, alimkatiza taratibu. Baba akiwa hai na ana akili zake, alisema, ndugu yake hamruki. Ama aje mwenyewe, ama awe mbali.

"Mbali kiasi gani?" akauliza baba mkubwa.

"Masafa ya marhala mbili," akasema sheikh. "Ile safari inayomruhusu msafiri kupunguza sala, kilomita themanini na kitu. Akiwa ameivuka hiyo, kadhi anasimama mahali pake. Akiwa hajaivuka, tunamwita aje."

"Na simu?"

"Kwa sauti ya simu mimi simwozeshi mtu. Leo ni baba, kesho ni muuza viatu." Sheikh alicheka kidogo. "Lakini nyinyi mna hofu gani? Ujerumani imevuka marhala mbili zamani. Kadhi atasimama."

Bibi akakataa katakata. Mjukuu wake hataozeshwa na serikali kama yatima na hali baba yake yu hai anakula mkate na siagi. Aitwe, aje. Nami nilikuwa upande wa bibi. Nililolitaka lilikuwa dogo. Nilitaka baba yangu akae mkekani, aushike mkono wa mume wangu mbele za watu, aseme, "Nimekuoza binti yangu." Angesema hayo, angeweza kurudi kwa Wajerumani wake siku hiyohiyo, nami nisingemdai kitu tena maishani.

Akapigiwa simu. Akasema anakuja. Akataja siku, na siku hiyo ikafika, akapiga baada ya sala ya adhuhuri: "Sasa hivi naingia ndegeni. Niombeeni." Bibi akatoa ubani. Nikajiuliza ni ndege gani ya Frankfurt inayopaa muda huo, lakini nikasema pengine anaunganisha njiani.

Ilipokaribia alasiri bibi akasema moyo wake umeshtuka, apigiwe. Nikamweleza kwamba mtu akiwa angani simu huzimwa. Akasema nijaribu, Mungu ana njia zake. Nikajaribu. Ikaita kwenye spika, na baba akapokea.

"Mwanangu, uko wapi sasa?" akauliza bibi, akipaza sauti kwa sababu ya urefu wa kule juu.

"Niko hewani, mama. Sikusikii vizuri."

Wakati huohuo mwadhini wa Bongwe akaanza kuadhini alasiri. Na ndani ya simu, nyuma ya sauti ya baba, mwadhini mwingine naye akaanza. Tukasikia takbira mbili, moja dirishani na moja simuni. Baba akakata.

Bibi alitutazama macho yakiwa yamejaa machozi ya furaha. "Mmesikia? Hata angani siku hizi wanaadhini."

"Mashallah," akasema baba mkubwa. "Wazungu wanabadilika."

Najua zipo ndege zenye mtandao, na nilijaribu kumtetea baba kwa hizo. Lakini mwadhini sikuweza kumpatia kiti. Na alasiri inayoingia dakika moja na alasiri yetu haiwezi kuwa ya Ulaya, wala haiwezi kuwa ya mbali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilitakiwa kuwa kilomita elfu sita na ushei, na usiku ule nilianza kuipima upya.

Kesho yake alipiga akasema ndege ilipata hitilafu ikarudi. Bibi akachinjisha mbuzi wa sadaka kushukuru kwamba mwanawe amesalimika. Nilikula nyama ya mbuzi aliyekufa kwa ajili ya hitilafu isiyokuwepo, na nitasema kweli, ilikuwa tamu.

Kuna dereva mmoja pale hotelini, mtu wa bara, anayewapeleka wageni hadi pwani ya kaskazini. Alimjua baba tangu enzi za ufuoni. Nilimwendea nikamuuliza bila kuzunguka kama amewahi kumwona baba karibuni. Akanitazama akifikiri namtega.

"Sasa wewe, buda yako si ako Mtwapa?" akasema. "Mwaka wa tatu huu. Anachungia Mjerumani mmoja nyumba. Sisi wote tunajua. Nilidhani nyinyi ndio mnaficha."

Madereva wote wa Diani walijua. Wauza vinyago walijua. Mlinzi wa lango la hoteli, aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi na kuniuliza mzee wa Ulaya hajambo, alijua na alikuwa akiniuliza kwa kejeli. Sisi tu, watu wa nyumba moja ya Bongwe, ndio tuliokuwa na jamaa Ujerumani. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumpa mgeni ufunguo wake.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na ukuta mrefu na lango jeusi. Niligonga, mbwa wawili wakaja wakibweka, na nyuma yao nikasikia sauti ya baba yangu ikiwaamrisha kwa Kijerumani. Mbwa wakalala chini. Hiyo ndiyo Ujerumani yote iliyobaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, kisha akachungulia nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Alipoona niko peke yangu akafungua lango kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.

Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, kavaa kofia ya yule bwana wake. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya chumba chake cha uani, akaninunulia soda. Hakuniuliza habari za harusi. Aliniuliza nani kanionyesha. Kisha akaeleza: yule mama wa Kijerumani alifariki, watoto wake wakamtoa nyumbani, vibali vyake vikaisha, akarudishwa. Alitua Mombasa asubuhi moja na mfuko mmoja. "Ningeingiaje Bongwe vile?" akasema. "Mama yangu angeniangaliaje? Nikasema nikae hapa kidogo nijipange."

Nilimwonea huruma kwa muda wa soda moja. Soda ilipokwisha nikakumbuka bibi alivyojifunika leso kwa baridi ya Ujerumani.

"Baba, mimi sitaki unieleze," nikamwambia. "Nataka uje uniozeshe. Njoo kwa njia yoyote unayoitaka."

Akafikiri. "Nikija, nitakuja kutoka Ujerumani."

"Njoo kutoka Ujerumani."

Basi tukakaa pale, mbwa wakitutazama, nikamfundisha baba yangu safari ambayo yeye ameisafiri na mimi sijaisafiri. Nilimwambia bibi na baba mkubwa watamhoji, na wageni wenye watoto Ulaya watamhoji zaidi.

"Umepaa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Jioni, baba. Asubuhi umetua."

"Kwa saa zao au zetu?"

"Usitaje saa zao, utajichanganya. Sema tulipaa jua limeshakuchwa, tukala ndani, tukalala, tukaamka tunatua. Ulikaa hewani muda gani?"

"Saa tisa," akasema, na hapo akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu niwe darasa la pili nikaona pengo la jino lake la upande. Nilikuwa nimelisahau. Nikacheka nami. Nikifikiria tena, saa ile ndiyo iliyoniumiza kuliko zote zilizofuata, maana tulifurahi.

Nilimpelekea hata sanduku. Mwenzangu wa mapokezi aliniazima, na juu ya mpini nikafunga kikaratasi cha uwanja wa ndege ambacho mgeni wa Frankfurt alikichana na kukitupa mezani petu. Baba alikigeuza mkononi akasema nina akili, nimemrithi yeye. Akaapa. Siku ya nikahi, saa mbili asubuhi, atashuka teksi mlangoni kwetu.

Siku hiyo turubai lilifungwa uani tangu alfajiri. Nikahi ilipangwa saa nne. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nimepakwa hina, na mama yangu, aliyekuja kutoka Msambweni, alikaa kando yangu akinipepea. Bibi alivaa leso mpya akatoa kiti akakiweka mlangoni, mahali ambapo teksi ikifika itamkuta yeye kwanza.

Saa mbili ikapita, na saa tatu. Nikampigia, simu imezimwa. Kupitia dirishani nilimsikia baba mkubwa akiwatuliza watu. Ndege za Ulaya hizo, alisema, mtu hajui mambo yake, ikikutana na upepo wa mbele inachelewa. Watu wakaitikia kwamba upepo huo ni mbaya sana. Ilipofika saa tano sheikh akasema ana nikahi nyingine Ukunda baada ya adhuhuri.

"Huyu bwana amepanda ndege au hakupanda?" akauliza.

"Simu yake haipatikani, sheikh. Nadhani hakuwahi," akasema baba mkubwa.

"Basi bado yuko huko."

"Yuko huko. Saa tisa angani." Hata wakati ule aliyasema kwa fahari.

"Basi ruhusa tunayo," akasema sheikh, "tusiwachoshe watu."

Nikasikia viatu vikija ukumbini. Sheikh alisimama nyuma ya pazia la chumba changu na mashahidi wawili, akakohoa, wanawake wakanyamaza. "Binti," akasema, "walii wako ni baba yako, naye yuko safari ya mbali iliyovuka marhala mbili. Je, umeridhia mimi nikuoze kwa fulani bin fulani?"

Bibi harusi kwetu si lazima ajibu. Akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Sheria imemwonea haya. Mimi nilihitaji kunyamaza tu, na kwa hesabu ya dakika tano ningekuwa mke wa mtu, bibi angebaki na mwanawe Frankfurt, na turubai lingefunguliwa kwa furaha. Lakini nilijua kilichosemwa nyuma ya pazia si kweli, na ndoa yangu yote ilikuwa inajengwa juu yake. Ningelala na mwanamume yule nikijua kilichonihalalisha kwake ni ndege ambayo haikuwepo. Niliogopa dini. Na nikiri kwamba dini ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa hasira. Nilimchukia baba yangu wakati ule kwa moyo mweupe kabisa, na nikataka kila mtu ajue kimo chake.

"Sheikh," nikasema, "baba yangu hayuko mbali. Yuko Mtwapa."

Mama alinifinya mkono hadi hina ikahama. Kisha nikamsikia bibi kutoka mlangoni, "Mtwapa ipi?" kana kwamba pengine na Ujerumani wanayo moja.

"Mtwapa hii, bibi. Ukivuka daraja la kule kaskazini. Yuko hapo mwaka wa tatu, analinda nyumba ya mtu. Nimekwenda, nimemwona, nimekunywa soda kwake."

"Kwa gari ni muda gani?" akauliza sheikh. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kipimo cha unga.

"Kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, kama saa moja na nusu."

Mtu mmoja chini ya turubai akacheka. Akafuata wa pili. Halafu nikasikia lile zogo la watu wengi wanaosema polepole kwa pamoja, na ndani yake neno Mtwapa likipita kutoka mkeka hadi mkeka. Sheikh akasema hawezi kuozesha mtoto wa watu na baba yake yuko ng'ambo ya daraja. Haijafika hata hizo marhala. Akamtuma baba mkubwa na mashahidi wale wawili wakamlete. Nikahi ya Ukunda akamtuma mtu mwingine.

Wakaondoka. Pilau ikapakuliwa, maana wali haungoji walii. Watu walikula vizuri sana siku ile. Msiba wa jirani hunogesha kitoweo. Mama wa mchumba wangu aliingia chumbani akanitazama, akasema kwa upole mkali wa watu wa Msambweni, "Mwanangu, sisi tuliambiwa tunaoa kwa mtu wa Ujerumani." Mchumba wangu alinitumia ujumbe mfupi: mimi nipo. Nilisoma maneno hayo mara nyingi.

Bibi hakula. Alikaa kwenye kiti chake palepale mlangoni. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa bado anangoja. Alimwambia mama, mkwe wake wa zamani ambaye hakuwa amesema naye miaka, kwamba si mbaya, kama yuko karibu basi atafika mapema.

Gari lilirudi alasiri. Nilihesabu milango ikifungwa. Ilikuwa mitatu, kama walivyoondoka.

Sheikh hakumruhusu baba mkubwa aingie ndani kunong'ona. Mambo ya nikahi ni ya ushahidi; yakasemwa pale pale chini ya turubai, nami nikayasikia yote dirishani.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona," akasema baba mkubwa. Sauti yake ilikuwa ya mzee, sikuwahi kuisikia hivyo. "Alikuja langoni na mbwa."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia mtoto kakaa kwenye mkeka anakungoja. Akanitazama, akasema, 'Kaka, mimi siko hapa.'"

Watu wakaguna.

"Ukamwambia tena?"

"Nikamwambia ndugu yangu, hakuna asiyejua sasa, njoo kama ulivyo, nguo nitakupa mimi. Akasema, 'Mwambieni mama niko safarini.' Mara ya tatu hakunijibu. Alifunga lango."

"Kwa hiyo amekataa."

"Hakusema amekataa, sheikh. Alisema hayupo."

Sheikh wetu ni mtu wa haki, na haki yake haina sukari. "Mtu amesimama mbele yako akakwambia hayupo," akasema, "huyo amekataa. Mashahidi mmesikia?" Mashahidi wakasema wamesikia.

Viatu vikaja tena ukumbini. Safari hii alinena kwa sauti kubwa zaidi, maana sababu ya kadhi kusimama imebadilika na lazima isikike. "Binti, walii wako yu karibu. Ametakiwa mara tatu mbele ya mashahidi akuozeshe, na amekataa. Kwa kukataa kwake, mimi nasimama kwa niaba ya kadhi. Je, umeridhia nikuoze?"

Sheikh alikuwa yuleyule, na mume yuleyule. Asubuhi ningeolewa kama mtoto wa baba aliye mbali. Alasiri nikaolewa kama mtoto wa baba aliyekataa. Hapo sikutaka kunyamaza. Nikasema nimeridhia, nikarudia, nikarudia tena, hadi mama akaniambia inatosha, amesikia.

Nje wakasoma, wakaomba dua, mtu akaanzisha kigelegele kikamfia kooni, akakianza upya. Gari la mume wangu likaletwa. Kabla bibi harusi hajavuka kizingiti kwetu huomba radhi kwa wakubwa wake. Humbusu mkono kila mmoja, naye humpa radhi na dua. Mama alinipa. Baba mkubwa alinipa akilia. Nikafika kwa bibi, pale kitini mlangoni, nikapiga magoti na nguo zangu zote zile, nikanyoosha mkono kuutafuta wake.

Akauficha ndani ya leso.

"Ungemwacha hukohuko Ujerumani," akasema. Hakunitazama, alikuwa anatazama njia. "Kule alikuwa hawezi kuja. Sasa umeniambia hataki."

Nilibaki magotini nikingoja aseme neno jingine. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walinigusa bega, kwamba gari linangoja na jua linakuchwa. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikapita mbele ya kiti chake nikaenda kwa mume wangu bila radhi yake, naye alikufa bila kunipa.